Chupa Ishirini na Nne za Usingizi

"Mimi mstari nikiusoma mara moja tu, umeingia kichwani, umefunga mlango na kumeza ufunguo," alisema Redio. "Kuusoma mara ya pili ni kuutukana."

Alikuwa amekaa juu ya meza katika ukumbi wa shule, miguu ikining'inia, Jumatano saa tisa alasiri. Wenzake wa klabu ya maigizo waliguna, lakini hakuna aliyembishia. Kubishana na Redio ilikuwa kazi ya kutwa nzima, na wao walikuwa na saa moja tu. Katika daftari la mahudhurio alikuwa na jina lake zuri alilopewa na wazazi. Ila msichana huyu wa miaka kumi na mitatu alikuwa hazimiki, hapunguzwi sauti wala habadilishwi stesheni, kwa hiyo hata walimu walishazoea kumwita Redio, naye akaitika kana kwamba ni cheo.

Jumatano ilikuwa siku ya vilabu. Kengele ya mwisho ikishalia, shule ile yenye kuta za rangi ya krimu na harufu ya chaki ilijisahau kabisa. Kwaya ilijifungia maabara, maana huko sauti ziligonga makabati ya vioo zikarudi zimenenepa. Wapiga tarumbeta walipuliza uwanjani mpaka mashavu yakawa mipira. Wacheza chesi walikaa nyuma ya maktaba wakitazamana kama watu wenye kesi. Ukumbini, vumbi lilielea ndani ya mwanga wa madirisha ya juu, polepole, kana kwamba halina haraka ya kufika chini. Redio aliweza kulitazama vumbi hilo mpaka akasahau alichokuwa anasema, na hiyo kwake haikuwa ajali ndogo.

Mwalimu wa maigizo, mama mwembamba aliyevaa kalamu sikioni kama wengine wanavyovaa hereni, alikuwa amewatungia mchezo yeye mwenyewe. Uliitwa "Duka la Usingizi". Katika mji mmoja watu walikuwa hawalali tena. Basi msichana mmoja akafungua duka la kuuza usingizi ndani ya chupa. Mteja anaingia, anaeleza shida yake, muuzaji anageukia rafu, anachagua chupa na kumpa pamoja na maelekezo. Malipo ni mwayo mmoja. Lakini uwe mwayo wa kweli.

"Mwigizaji akizama katika nafasi yake," Mwalimu aliwaambia, "mwayo wake haubaki jukwaani. Unashuka ngazi, unatembea kwenye viti. Ukumbi mzima ukipiga miayo, mjue tumeshinda."

"Kumbe Mwalimu, kipindi cha historia kimekuwa kinashinda miaka yote hii!" alisema Redio.

Mwalimu aligeuka akajifanya anatafuta kalamu, nayo iko sikioni.

Nafasi ya muuzaji ilikuwa ya Redio, nani mwingine? Alikuwa na sehemu ishirini na nne za kusema. Na sasa tuseme ukweli ambao yeye hakuusema: hata moja hakuwa ameishika. Si kwamba hakujaribu. Kila jioni alifungua karatasi zake, akasoma mstari wa kwanza, "Karibu ndani, macho mekundu. Hapa hatuuzi kitu ila usingizi," kisha dirisha likamwita. Angeona wingu lenye umbo la kofia. Angemwona mtu wa kuivaa kofia hiyo. Mtu huyo angekuwa amekaa safu ya mbele akimpigia makofi, halafu watu wote wangesimama, maua yangerushwa, na Redio angeinama kushoto, angeinama kulia. Akizinduka, jua limeshatua na karatasi iko palepale, mstari wa kwanza.

Kwa hiyo alitafuta njia ya mkato. Rafu ya dukani ilikuwa na chupa ishirini na nne za kioo. Ishirini na nne! Hesabu ilimtazama usoni ikamkonyeza.

"Mwalimu, lebo za chupa niachie mimi," alijitolea. "Mwandiko wangu ni mzuri."

Katika kila lebo aliandika sehemu moja ya maneno yake, kwa herufi ndogo ambazo kwa mbali zilionekana kama maelezo ya dawa. Chupa ya kwanza, juu kushoto, ilikuwa na sehemu ya kwanza. Ya mwisho, chini kulia, ilikuwa na ya mwisho. Kazi yake ikawa nyepesi: anageuka, anashika chupa, anasoma, anageukia mteja, anasema.

"Mmeona anavyofanya?" Mwalimu aliwaonyesha wengine mazoezini. "Anageuka, anafikiri kwanza, ndipo anasema. Huyo ni muuza duka kabisa!"

Redio aliinamisha macho kwa unyenyekevu. Unyenyekevu ulikuwa haujauzoea uso ule, ukakaa upande.

*

Mtu mwingine wa kumjua ni Brashi. Huyu alikuwa mkuu wa klabu ya uchoraji, msichana wa maneno machache, mwenye rangi chini ya kucha siku zote. Ukimsalimia alikutazama kwanza kama anayepima ukubwa wa kichwa chako kwa ajili ya picha. Kwa wiki tatu yeye na wenzake walikuwa wakichora mji usiolala juu ya mashuka manne yaliyoshonwa pamoja: nyumba zenye madirisha yaliyotoa macho, na barabara zilizopinda kama watu waliochoka. Ijumaa Mwalimu alimpa kazi ya mwisho.

"Rafu imepooza. Chupa tupu hazina uhai. Nifanyie iwe kama anga la jioni."

"Sawa, Mwalimu," alisema Brashi. Kwa Brashi hiyo ilikuwa hotuba.

Jumatatu Mwalimu Mkuu alikuja kuutazama mchezo. Siku ya Wazazi ilikuwa Jumamosi ya wiki hiyo hiyo, naye hakupenda kushtukizwa. Alikuwa mtu wa mafaili. Alitembea na moja kwapani hata akienda kunawa mikono. Na kila mtu ukumbini alijua kimeandikwa nini ndani yake. Baadhi ya wazazi walikuwa wameuliza kama ile saa ya Jumatano isingefaa zaidi kwa hesabu za ziada, na Mwalimu Mkuu alikuwa amemwambia Mwalimu wa maigizo waziwazi: "Nionyeshe kwamba wanajifunza kitu huku. La sivyo, saa hiyo naichukua."

Viti vya mbele vilijaa wanafunzi wa madarasa ya chini. Redio alifika akikimbia, maana alikuwa amechelewa uani akitazama nguo za michezo zilivyocheza kambani bila watu ndani yake. Alijifunga aproni ya dukani, akapanda, pazia likafunguka.

Ukumbi wote ulisema "Aaa!"

Nyuma yake rafu ilikuwa imewaka. Brashi alikuwa amezijaza chupa maji ya rangi: njano ya jua linaloaga, machungwa, waridi, zambarau, mpaka buluu iliyokolea chini kabisa. Rangi zilifuatana kwa upole kiasi kwamba hukujua moja inaishia wapi na nyingine inaanzia wapi. Redio naye akasema "Aaa." Kwa kitambo kidogo alikuwa angani, peke yake, hana wasiwasi wowote.

"Hodi!" Mvulana mrefu, mwenye masharubu ya uzi mweusi, aliingia. "Mimi ni mlinzi wa lango la mji. Sijalala siku tisa!"

Redio aligeuka, akashika chupa ya kwanza, juu kushoto, akasoma, akamgeukia.

"Pole mama. Mgeuze mtoto upande wa kushoto, umpigepige mgongoni taratibu."

Mlinzi alitazama mikono yake mitupu.

"Mtoto... mtoto nimemwacha langoni," alisema.

Safu ya mbele iliangua kicheko. Redio akanyakua chupa ya pili.

"Asante kwa mwayo wako. Funga mlango taratibu unapotoka."

"Lakini mbona sijapiga mwayo bado?"

Ya tatu! "Usiogope giza, mwanangu. Giza ni blanketi ambalo halijakunjwa."

"Siogopi," alisema mlinzi kwa unyonge, na masharubu yakaanza kung'oka upande mmoja.

Mambo yalikwenda segemnege. Brashi, ili kupata anga lake, alikuwa amezipanga chupa kwa rangi, na chupa iliyokuwa ya kwanza sasa ilikuwa popote. Redio alipapasa rafu nzima, machungwa, waridi, zambarau, mwanga ukizunguka machoni kama yuko ndani ya ndoto ambayo milango yake yote imehamishwa. Chupa moja ilimponyoka. Haikuvunjika, ila maji ya zambarau yalitiririka mpaka ukingoni mwa jukwaa, yakadondoka, to, to, to, juu ya kiatu cha Mwalimu Mkuu.

Mwalimu Mkuu hakuwa amecheka tangu mwanzo. Alifunga faili.

"Barua za wazazi zimeshakwenda, siwezi kuzirudisha," alisema. "Jumamosi mtapanda jukwaani. Lakini nikiona tena hiki nilichokiona, Jumatano inayofuata mtakuwa darasani na vitabu vya hesabu, na ukumbi huu nitaufunga kwa kufuli."

Alitoka. Kiatu kimoja kilimwachia alama za zambarau njia nzima.

"Kulikoni?" Mwalimu wa maigizo alimuuliza Redio kwa sauti ya chini, na hiyo ilikuwa mbaya kuliko ya juu.

"Chupa, Mwalimu. Zimehamishwa. Zimenichanganya."

Kila neno lilikuwa kweli, na hapo ndipo uongo ulipojificha. Mwalimu alimgeukia Brashi.

"Nilikwambia uzipambe. Nani alikwambia uzihamishe?"

"Mwalimu ulisema anga," alijibu Brashi. "Anga haliruki kutoka njano hadi buluu, kisha likarudi kwenye njano."

"Wenzako wamefanya mazoezi mwezi mzima! Basi Jumamosi rafu iwe nyeupe na tupu. Na klabu ya uchoraji ikae kwenye viti na wazazi. Sitaki mtu nyuma ya jukwaa."

Brashi hakulia wala hakujitetea tena. Alileta kreti, akaanza kuzishusha chupa moja moja. Redio alimwona akisita na chupa mkononi, akasoma lebo. Akachukua nyingine, akasoma. Akainua macho, akamtazama Redio kwa muda mrefu, kama anayempima kwa ajili ya picha. Kisha akaiweka chupa ndani ya kreti, taratibu, akaendelea na kazi.

Redio alikwenda nyumbani bila kusema neno na mtu. Njiani majirani wawili waliuliza kama anaumwa.

*

Babu yake alikuwa fundi saa. Meza yake ilikuwa sebuleni, mbele ya dirisha, na ukutani palikuwa na saa kumi na moja, kila moja ikisema lake. Kuingia chumba kile alasiri ilikuwa kama kuingia kwenye mvua ya taratibu: ti, ta, ti, ta, kutoka kila upande.

"Shikamoo, babu."

"Marahaba, bibie. Mbona leo matangazo yamekatika?"

Redio alikaa, akamsimulia. Alisimulia vizuri sana, maana kusimulia alijua. Alieleza habari za Brashi na rangi zake, chupa zilivyohamishwa bila yeye kuambiwa, na kiatu cha Mwalimu Mkuu. Babu, lenzi jichoni, aliendelea kuichokoa saa ndogo ya mkononi kwa kibano. Kila kipande alikilaza juu ya kitambaa cheupe, kimoja baada ya kingine, safu nzima iliyonyooka.

"Kwa hiyo chupa zilihama," alisema.

"Ndiyo, babu. Zote!"

"Na yule mlinzi, naye alihama?"

"Hapana. Alikuja palepale pake."

"Akasema hajalala siku tisa."

"Ndiyo."

"Sasa bibie, mtu anakwambia hajalala siku tisa, na wewe mpaka ukaiulize chupa ndipo umjibu?"

Redio aliinua macho ukutani. Saa kumi na moja zikaongea badala yake.

Babu alisogeza kiwiko, kama kwa bahati mbaya, kikagonga kitambaa. Vipande vyote vikaruka, vikachanganyika.

"Babu!" Redio aliruka. "Saa ya watu!"

"Iko wapi shida?" Babu alivikusanya kwa kiganja kama mchele. Akaokota kigurudumu. "Huyu anasukumwa na springi." Kikaingia. "Huyu anamsukuma mwenzake." Kikaingia. Alichagua bila haraka, huku akipiga mluzi, na baada ya muda saa ile ilikuwa nzima, mshale wa sekunde ukitembea. "Nilipokuwa najifunza kazi, sikuwa hivi. Nilijua tu kwamba wa kwanza kushoto ndiye wa kwanza kurudi ndani. Siku moja paka wa fundi wangu akalala juu ya kitambaa. Saa ya mteja ilikaa wiki mbili nimeitolea macho."

"Ukafanyaje?"

"Nikasema mwenye kosa ni paka. Akafukuzwa dukani, maskini." Babu alivua lenzi. Bila lenzi macho yake yalionekana madogo na mapole. "Na alikuwa paka mzuri. Hakuwa amefanya lolote ila kulala."

"Ulimrudisha?"

"Ilibidi kwanza niseme. Kusema ndiko kulikochukua muda. Kumrudisha ilikuwa dakika mbili."

Redio aliangalia nje. Wingu lilipita, lenye umbo la chupa. Safari hii halikumpeleka popote.

*

Jumanne asubuhi, kengele haijalia, alikuwa amesimama mlangoni mwa chumba cha walimu. Mwalimu wa maigizo alikuwa akipanga madaftari, kalamu mbili masikioni.

"Mwalimu, zile lebo," alianza Redio, na maneno, ambayo siku zote yalimtii kama kuku wakiitwa kula, leo yalikimbilia kila upande. "Zile lebo ni maneno yangu. Sikuwa nayajua. Hata moja. Nilikuwa nasoma kwenye chupa, tangu mwanzo. Brashi hana kosa. Alifanya ulichomwambia, na... na chupa zilikuwa nzuri, Mwalimu. Zilikuwa anga kweli."

Mwalimu alikaa chini. Redio alijua nafasi yake ilikuwa inaondoka. Alikaribia kuiona, imevaa aproni, inampungia mkono.

"Nilikusifu mbele ya watu wote," alisema Mwalimu hatimaye.

"Ndiyo, Mwalimu."

"Na mimi nikamfokea mtu ambaye hakukosea. Kwa hiyo sote wawili tuna safari. Twende."

Brashi walimkuta verandani akiosha brashi zake. Mwalimu alimwomba radhi kwanza, waziwazi, kama mtu mzima kwa mtu mzima. Kisha Redio akasema yake. Brashi alisikiliza mpaka mwisho, akakung'uta maji.

"Nilijua tangu jana," alisema. "Nilisoma lebo."

"Sasa mbona hukusema?"

"Nilikuwa nasubiri nione kama hii redio ina stesheni ya kweli."

Mwalimu alicheka mpaka kalamu moja ikaanguka. Hakumnyang'anya Redio nafasi. Siku nne hazikutosha kumpata mwingine. Lakini alimpa beseni la maji. Redio alizilowesha chupa zote ishirini na nne na kubandua lebo kwa kucha zake mwenyewe, moja moja, mpaka vidole vikakunjamana na wino wa maneno yake ukaogelea ndani ya beseni kama viluwiluwi.

"Jumamosi unapanda na kichwa chako tu," alisema Mwalimu.

Zikafuata siku nne ambazo Redio hakuwa amewahi kuziona. Alasiri zote alikaa mezani kwa babu. Babu, bila kuacha saa zake, alijigeuza kila mteja wa duka lile.

"Mimi ni mlinzi. Nifanyeje?"

"Vua buti, mlinzi. Mtu halali akiwa tayari kukimbia."

"Mimi ni mama, nina mtoto analia!"

"Babu, bado mlinzi hajamaliza!"

"Mama hana subira. Jibu!"

Alimchanganya kusudi. Alianzia mwisho, akaruka katikati, akamleta mtoto anayeogopa giza kabla duka halijafunguliwa. Mwanzoni Redio aligonga ukuta kila hatua. Dirisha lilimwita, akakaa nalo kitambo, akarudi. Na polepole kitu kikatokea. Aliacha kuuliza ni mstari wa ngapi, akaanza kumwona mlinzi mwenyewe, na macho yake mekundu. Alimsikia mtoto wa yule mama. Zile ndoto zake za mchana, zilizokuwa zikimwibia jioni zake, zikaingia dukani na kukaa kama wateja. Ijumaa alasiri babu alisema, "Mimi naogopa giza," na Redio akamjibu bila kufikiri, kwa sauti ndogo. Babu akapiga mwayo mrefu mpaka lenzi ikadondoka.

"Bahati tu," alisema babu akiitafuta chini ya meza. "Sikulala vizuri jana."

*

Jumamosi ukumbi ulijaa pomoni. Wazazi walijipepea kwa ratiba. Babu alikuwa safu ya pili, amevaa koti na saa tatu mkono mmoja, maana mbili alikuwa anazijaribu. Mwalimu Mkuu alikuwa safu ya mbele, faili mapajani, viatu vingine miguuni.

Anga la Brashi lilikuwa limerudi, chupa safi zisizo na lebo, na mwanga ukipita ndani yake bila kizuizi. Brashi mwenyewe alikuwa amechuchumaa nyuma ya rafu kushikilia mguu mmoja wa rafu hiyo uliokuwa ukiyumba.

Pazia lilifunguka. "Hodi!" ilisema sauti.

Haikuwa ya mlinzi. Ilikuwa ya mama, na bunda la shuka kifuani. Huko nyuma masharubu ya mlinzi yalikuwa yamepotea, na katika kuyatafuta mtu alikuwa amemsukuma mama jukwaani kabla ya zamu yake. Mama alisimama, macho pima. Pembeni ya pazia Mwalimu alishika kichwa kwa mikono miwili.

Redio alimtazama. Mwanamke amechoka. Ana mtoto anayelia. Sasa hapo kuna la kuuliza?

"Karibu ndani, macho mekundu," alisema. "Hapa hatuuzi kitu ila usingizi. Pole mama. Mgeuze mtoto upande wa kushoto, umpigepige mgongoni taratibu." Akageukia rafu, akachagua waridi.

Mchezo ukaenda, umeanzia katikati, na hakuna mzazi aliyejua. Mlinzi akaja wa pili, masharubu yamebandikwa kwa haraka, akavuliwa buti. Ukumbi ulitulia. Jua la alasiri liliingia kwa madirisha ya juu, likapita kwenye chupa, likamwaga machungwa na zambarau juu ya vichwa vya watu, na vumbi likaelea ndani yake kama halina haraka.

Mwisho aliingia mtoto, mwanafunzi mdogo kuliko wote klabuni. "Naogopa giza," alisema.

Na Redio akasahau.

Kichwa kilikuwa cheupe kama rafu tupu. Aligeuka, akaziangalia chupa, nazo hazikuwa na neno lolote la kumpa. Muda ulijivuta. Ndipo chini kabisa, ile chupa ya buluu iliyokolea ikatikisika, kidogo tu, kana kwamba imeguswa kwa kidole kutoka nyuma. Redio aliiona buluu ile. Aliona jinsi ilivyo nzito, na laini, na jinsi mtu angeweza kujifunika nayo.

"Usiogope giza, mwanangu," alisema. "Giza ni blanketi ambalo halijakunjwa."

Mtoto alipokea chupa. Akalipa. Alipiga mwayo mpana, wa kweli, na mwayo ule ukashuka ngazi za jukwaa. Ulimpata mama mmoja wa safu ya mbele, ukaruka kwa jirani yake, ukapanda viti mpaka mlangoni. Mwalimu Mkuu aliuona ukija. Alikaza taya. Alitoa macho. Kisha aliinua faili haraka akajificha uso, lakini mabega yalipanda juu sana, yakashuka polepole, na kila mtu akajua.

*

"Jumatano yenu ibaki," alisema Mwalimu Mkuu nyuma ya jukwaa, akifuta machozi ya usingizi. "Hesabu tutaitafutia siku nyingine."

Alipoondoka, Mwalimu wa maigizo aliwakusanya wanafunzi wake, na babu naye akapenya katikati yao.

"Jumatatu tulikuwa na maneno yaleyale na chupa zilezile," alisema Mwalimu. "Tofauti ni kwamba Jumatatu kulikuwa na mtu aliyejua maneno yake yako wapi, na leo amejua yanamfaa nani. Hilo hulipati kwa njia ya mkato. Na hata hilo lisingetosha, kama asingekuja mlangoni kwangu Jumanne kusema kosa ni lake. Kosa unaloliegemeza kwa mwenzako halijaondoka. Limemlemea yeye tu, na wewe hujajifunza lolote."

"Hata paka angekwambia hivyo," alisema babu. Hakuna aliyemwelewa ila mmoja.

Redio alisikiliza kwa adabu, ameinamisha kichwa. Alijifunza kweli, na somo lile lilimkaa. Lakini watu walikuwa wengi, mama mmoja alikuwa amemletea ua, na mzazi mwingine akauliza, "Binti, uliyashikaje maneno yote yale?"

"Ah, shangazi, ni kazi tu na kujitahidi," alisema Redio, sauti ikipanda yenyewe kama zamani. "Siku nne, usiku na mchana. Na leo sikusahau hata neno moja! Hata nusu ya neno! Yalitiririka tu kama..."

Nyuma ya rafu mtu alikohoa.

Brashi alitokea taratibu, magoti yamejaa vumbi. Mkononi alikuwa na chupa ya buluu iliyokolea. Aliinyanyua mbele ya uso wa Redio, akaigusa kwa kidole kimoja, ikatikisika.

Watu walitazama chupa, wakamtazama Redio. Redio alitazama chupa.

"Sawa," alisema. "Moja."

Brashi aliendelea kuishikilia.

"Haya, sentensi nzima! Na usiku nililala! Zima basi!"

Babu alicheka mpaka saa zake tatu zikagongana.